Ukabila Kazini na Maradhi ya Kujitetea

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu wote kutokana na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Darsa yetu ya safari hii yahusu dhambi ambayo kila mmoja wetu huitambua upesi akitendewa yeye, na huwa mzito wa kuitambua akiitenda mwenyewe. Nayo ni ukabila na ubaguzi wa rangi mahali pa kazi: dukani, ghalani, afisini, bandarini, na majumbani mwetu ambamo twaajiri watumishi. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtu wa Pwani akinyimwa kazi kwa ajili ya jina lake au asili yake, hulia dhuluma, na ana haki ya kulia. Lakini mtu huyo huyo akirejea dukani kwake, huenda akamwita hamali wa miaka 60 "boi", asione kwamba pana lolote lililotendeka.

Wala si lengo letu leo kueleza kwamba ubaguzi ni haramu, kwani hilo kila Muislamu alijua tangu chuoni. Lengo letu ni kuuliza: mtu aujuaye uharamu huo hukosaje kuuona moyoni mwake? Na akiambiwa unao, mbona hukasirika badala ya kushukuru?

KISA CHA ABU DHARR

Hadithi tuliyoichagua iwe msingi wa darsa hii imepokewa na Bukhari na Muslim. Al-Ma'rur bin Suwaid alikutana na Abu Dharr (r.a.) mahali paitwapo Rabadha, akamwona amevaa nguo nzuri, na mtumwa wake amevaa kama hiyo hiyo. Akastaajabu, akamwuliza sababu yake. Abu Dharr akamweleza kwamba zamani aligombana na mtu, akamwaibisha kwa kumtajia mamake, ambaye hakuwa Mwarabu. Yule mtu akenda kumshitaki kwa Mtume (s.a.w.). Mtume alipoonana na Abu Dharr alimwambia kuwa yeye ni mtu ambaye ndani yake mna ujahili. Kisha akamfundisha kwamba hao walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ndiye aliyewaweka hapo. Basi mwenye ndugu yake chini ya mkono wake amlishe katika kile alacho, amvike katika kile avaacho, asimkalifishe kazi imshindayo, na akimkalifisha, amsaidie.

Wako wanavyuoni waliosema kuwa huyo aliyetukanwa ni Bilal. Riwaya za Bukhari na Muslim hazikumtaja kwa jina. Yako pia masimulizi mashuhuri kwamba Abu Dharr aliweka shavu lake ardhini ili likanyagwe, nayo hayana nguvu kama hadithi hii. Nasi hatuyahitaji. Lililo sahihi latosha, tena lina mafunzo zaidi.

Tuzingatie kwanza ni nani aliyeambiwa maneno hayo. Abu Dharr alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu, mashuhuri kwa kuipa dunia mgongo na kwa kuwatetea mafakiri mbele ya matajiri. Ikiwa mtu wa daraja hiyo alikuwa na masalio ya ujahili yaliyomtoka siku ya ghadhabu, ni nani miongoni mwetu awezaye kuapa kwamba kifua chake ni safi?

Tuzingatie pili kwamba Abu Dharr naye alijaribu kujitetea. Katika riwaya ya Muslim, alipoambiwa lile neno, alijibu kwamba mwenye kuwatukana watu hutukaniwa babake na mamake; yaani, yule ndiye aliyeanza. Mtume hakubishana naye juu ya nani alianza. Alimrudishia neno lile lile, kwamba ndani yake mna ujahili. Na katika riwaya nyingine ya Bukhari, Abu Dharr aliuliza kama ujahili huo ungalimo hata katika umri wake ule wa uzee, akajibiwa kuwa ndiyo. Tazama, ndugu msomaji, jinsi nyudhuru mbili zilivyotajwa, na zote mbili zingali ndimini mwetu mpaka leo: yeye ndiye aliyeanza, na mimi ni mtu mzima, siambiwi hayo.

Tuzingatie tatu, na hili ndilo kubwa, namna neno lenyewe lilivyopimwa. Mtume hakumwambia Abu Dharr kwamba yeye ni jahili, wala kwamba Uislamu wake ni wa uwongo. Alimwambia kuwa ndani yake mna ujahili. Kitu kilichomo ndani ya mtu chaweza kutolewa. Imam Bukhari aliiweka hadithi hii katika Kitabu cha Imani, chini ya mlango uelezao kwamba maasi ni katika mambo ya ujahili, na kwamba mwenye kuyatenda hakufurishwi kwa ajili yake isipokuwa kwa shirki. Basi mtu aweza kuwa Muislamu wa kweli, mwenye kufunga na kuswali, na pamoja na hayo ukabila ukawa ungali umejificha katika pembe ya moyo wake. Mwenye kulifahamu hili hataona kwamba kuambiwa kosa lake ni kutolewa katika kundi la watu wema. Na mwenye kulikosa, kila aambiwapo hupigana kama mtu anyang'anywaye dini yake.

UJAHILI WETU ULITOKA WAPI

Mara nyingi maradhi haya tumeyarithi, na urithi huo una milango miwili.

Mlango wa kwanza ni utumwa. Katika ukanda wetu huu wa Pwani hali ya utumwa haikufutwa katika sheria mpaka mwaka 1907. Sheria iliondoka, lakini ulimi ulibaki. Mpaka leo wako wanaomtajia mtu babu yake wakati wa ugomvi, au katika posa, au anapopewa cheo asichopendelewa kukipata. Hilo ndilo lile lile kosa la Abu Dharr la kumwaibisha mtu kwa mamake, halikupungua hata herufi moja.

Mlango wa pili ni utawala wa kikoloni, ambao uliwapanga watu kama bidhaa za rafuni: Mzungu juu, Mhindi na Mwarabu kati, Mwafrika chini. Shule zilikuwa mbalimbali, hospitali mbalimbali, na mishahara mbalimbali. Tume ya Holmes, iliyotoa ripoti yake mwaka 1948, iliikubali kanuni ya kwamba mtumishi wa Serikali asiyekuwa Mzungu apate mafungu matatu katika matano ya mshahara wa Mzungu mwenye kazi kama hiyo. Mpaka Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndipo iliposhauriwa kwamba mizani ile ya rangi iondolewe. Ubaya wa mpango ule haukuwa katika fedha peke yake. Uliwafundisha watu wa kati kumwogopa aliye juu yao, na kumdharau aliye chini yao, na kuiona dharau hiyo kuwa ndiyo heshima yao. Mizani ile imeondoka katika madaftari ya Serikali. Vichwani mwa watu ni jambo jingine.

DALILI ZAKE KAZINI

Ukabila wa siku hizi ni nadra kusema kwa jina lake. Kwa hiyo yapasa tuutafute kwa dalili zake, kama tabibu atafutavyo homa kwa kugusa mwili.

Dalili ya kwanza ni mizani mbili kwa kosa moja. Mfanyakazi wa jamaa yetu akichelewa, twauliza kama mtoto wake mgonjwa. Mfanyakazi Mgiriama, au mtu wa bara, akichelewa dakika zizo hizo, twasema: hao ndivyo walivyo. Wa kwanza amehukumiwa yeye peke yake. Wa pili limehukumiwa kabila zima.

Dalili ya pili ni majina. Tajiri huitwa Bwana, karani huitwa kwa jina lake, na hamali huitwa kwa kabila lake, au "wewe" tu, hata akiwa na mvi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amekataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, akatanabahisha kwamba huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau.

Dalili ya tatu ni funguo na mlango. Mtazame aaminiwaye funguo za sanduku la fedha ilhali ana mwezi mmoja tu kazini, na yule akaguliwaye mifuko kila jioni hali ana miaka kumi hajapoteza hata senti.

Dalili ya nne ni sifa iliyochanganywa na tusi. Mtu humwambia mfanyakazi wake, "Wewe u mwaminifu, si kama wenzako." Msemaji hudhani amemsifu mtu mmoja, kumbe amewatukana watu wake wote na kumtaka ashukuru.

Dalili ya tano ni kikombe na sahani. Yako majumba ambamo mtumishi wa nyumbani ana kikombe chake mbali, na chakula chake mbali, na mahali pa kukaa mbali. Hadithi ya Abu Dharr iliwahusu watumwa na watumishi wa zama zile. Ikiwa mtumwa alikuwa na haki ya kula katika kile alacho bwana wake, je, haki ya mfanyakazi huru aliyekuja kwa hiari yake, na kwa mapatano, haizidi hiyo?

Dalili ya sita ni cheo. Katika mwaka wa 11 wa Hijra Mtume alimweka Usama bin Zaid, kijana wa miaka kama 18, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru na wa mama Mhabeshi, awe amiri wa jeshi ambalo ndani yake mlikuwa na watu wakubwa wa Kikureshi. Watu wakanung'unika. Mtume akawajibu kwamba ikiwa wanautia ila uamiri wake, basi waliutia ila uamiri wa babake kabla yake, hali babake alikuwa akistahiki, naye mwana vile vile. Kipimo kilikuwa ni kustahiki. Basi mwenye duka au kampuni na ajiulize: katika wale waliopandishwa cheo mikononi mwangu, wangapi walipandishwa kwa kustahiki, na wangapi kwa kuwa mama zao na mama yangu hualikana arusini?

NAMNA ZA KUJITETEA

Dalili hizi zikitajwa mbele ya mwenye nazo, nafsi huinuka kujikinga. Twazitaja hapa ngao zake, ili msomaji azijue siku atakapoziona mkononi mwake.

Huyu husema, "Mimi sina ukabila; nimelelewa na yaya wa kwao." Kulelewa na mtu ni deni juu yako, haiwi hati ya kukutakasa. Mwingine husema, "Ulikuwa mzaha." Lakini mzaha hupimwa na yule aliyeangukiwa nao. Wa tatu husema, "Nao pia wana ukabila." Huenda ni kweli, nao watasimama peke yao mbele ya Mola wao, lakini huo ni udhuru wa Abu Dharr wa kwanza, nao haukukubaliwa. Wa nne huacha shauri lenyewe akaanza kulia juu ya machungu yake yeye kwa kusemwa hivyo, mpaka aliyedhulumiwa akalazimika kumbembeleza aliyemdhulumu.

Na iko ngao ya tano ambayo ni yetu sisi hasa, nayo ni ya hatari kuliko zote. Nayo ni kusema: "Sisi ni Waislamu, hatuna ubaguzi, msikitini twasimama safu moja." Ndugu zangu, kuwa Uislamu umeepukana na ubaguzi ni kweli, kuwa sisi tumeepukana nao ni dai linalotaka ushahidi. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat imetufunza kwamba tulifanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mtukufu wetu mbele ya Mwenyezi Mungu ni amchaye zaidi. Aya hiyo haikushuka ili tuifanye pazia. Mtu asimamaye bega kwa bega na kuli wake siku ya Ijumaa, kisha Jumamosi akampunja ujira wake kwa kuwa hana wa kumsemea, safu ile haitamtetea. Itamshuhudia.

Hata zama za Mtume watu walighafilika. Alikuwako mtu mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Riwaya zimehitilafiana kama alikuwa mwanamke au mwanamume. Alipofariki, watu walimzika bila ya kumpa Mtume habari, kana kwamba shauri lake ni dogo. Mtume alipomkosa aliuliza, akawalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia. Hawa walikuwa ndio watu bora wa umma huu, na waliswali nyuma yake mara tano kila siku.

DAWA YAKE

Mwenye kuambiwa kwamba amebagua na afanye mambo manne. Kwanza, anyamaze mpaka mwenziwe amalize. Pili, asitafute nia yake nzuri ili aiweke mbele, kwani anayekanyagwa mguu huumia hata ikiwa mkanyagaji hakukusudia. Tatu, aende akahakikishe kwa vitu vinavyohesabika: afungue daftari la mishahara, aangalie kazi moja inalipwa vipi kwa watu wawili wa asili mbalimbali, aangalie nani amepandishwa na nani amefukuzwa. Nne, atengeneze. Abu Dharr hakuishia kwenye majuto. Alibadilisha nguo ya mtumwa wake, na miaka mingi baadaye mpita njia aliweza kuyaona mabadiliko hayo kwa macho. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa chake kwa aliyemwuliza. Toba ya ubaguzi kazini ina alama zake katika mshahara, cheo, chakula na namna ya kuitana. Isiyoonekana huko, ni maneno.

Ama aliyetendewa, asidhani kwamba subira ni kunyamaza. Yule mtu alimshitaki Abu Dharr kwa Mtume, wala hakulaumiwa kwa mashitaka yake. Imam Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja sababu sita zinazohalalisha kumsema mtu asipokuwapo, na ya kwanza yake ni aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko yake kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki. Basi na aandike siku, mahali, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo. Akiweza kumnasihi aliyemkosea faraghani, ni bora. Asipoweza, au asiposikiwa, aende kwa mkubwa wa kazi, au kwa chama cha wafanyakazi, au mbele ya sheria.

Na sheria ipo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chakataza ubaguzi kwa sababu ya rangi, kabila, dini, hata mavazi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chakataza ubaguzi katika kuajiri, kufundisha kazi, kupandisha cheo na kufukuza, na chamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 nayo yakataza idara ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Muislamu alalamikaye kwa haki hizi hamsaliti mtu.

Ama aliyekuwapo akasikia, naye ana fungu lake. Neno moja la mfanyakazi mwenziwe, "Bwana, mzee huyu ana jina lake," huenda likafaa kuliko hotuba, kwa sababu halikutoka kinywani mwa mwenye kuumia.

Twapenda kutahadharisha jambo moja ili mizani isiinamie upande mwingine. Si kila karipio ni ukabila. Mfanyakazi aliyeiba hawezi kujifunika kwa kabila lake, na mvivu aambiwapo uvivu wake hakuonewa. Suratul Maida, aya ya 8, yatuamrisha tusiache uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, na amri hiyo ni ya tajiri na ya kibarua pia. Lakini tahadhari hii tusiitumie kuwa mlango wa kutorokea. Mwenye kushitakiwa na aanze na nafsi yake, kisha ndipo amtazame aliyemshitaki.

MASUALA YA KUJADILIWA

1. Kwa nini Mtume (s.a.w.) alimrudishia Abu Dharr neno lile lile baada ya yeye kutoa udhuru?

2. Kuna tofauti gani baina ya kumwambia mtu "ndani yako mna ujahili" na kumwambia "wewe ni jahili"? Ipi yamfungulia mlango wa toba, na kwa nini?

3. Katika dalili sita tulizozitaja, ni ipi iliyomo katika nyumba yako au mahali pako pa kazi? Usilijibu suala hili mbele ya watu. Lijibu kwa vitendo kabla hatujakutana tena.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutoe ujahili uliosalia ndani yetu, awape waliodhulumiwa mikononi mwetu subira na haki zao, na atujaalie kuwa miongoni mwa wale ambao wakikumbushwa hukumbuka. Wabillahi tawfiq.